Kasha la gemu: mali, au pambo la kidaka?

Mkomani, mwenye mada
Assalaam aleikum. Juzi barazani tuliachana bila kuelewana, basi naileta hapa. Maskani tumechanga pesa za PlayStation 5. Nusu wanataka ile isiyo na mdomo wa CD kwa kuwa bei yake iko chini. Nusu, nami nimo, twataka yenye mdomo.

Wanaonijua wanajua: mimi nakusanya makasha. Yamefika 37, nimeyapanga kwenye zidaka za chumba cha ndani, pale bibi alipokuwa akiweka sahani zake za Kichina. Msimamo wangu ni mmoja: gemu usiyoweza kumwazima jirani si yako. Mwaka 2023, kampuni ya gemu ya EA na shirikisho la mpira la FIFA walipoachana, gemu za FIFA za nyuma ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Anayeitaka FIFA 23 leo atatafuta CD. Yangu imeazimwa hadi Langoni, imerudi na ukwaju wa viazi karai ukingoni, nimeifuta, yacheza. Mwaka huohuo, tarehe 27 Machi, Nintendo walifunga duka la mtandaoni la mashine zao za Wii U na 3DS. Mwenye kasha hakuulizwa kitu.

Haya, nipingeni.

Langoni
Ukwaju ni wangu, niwie radhi. Lakini yakhe, wewe wasifu kasha kama bado twaishi enzi za PS2. Waijua The Crew, ile gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, isiyocheza bila intaneti? Ilitoka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na waliokuwa na CD mkononi wakabaki kama sisi tusiokuwa nayo. Hasira zake ndizo zilizozaa ile kampeni ya Ulaya ya kupinga gemu kuzimwa, iliyopata sahihi zaidi ya milioni moja. Halafu tazama Switch 2, mashine ya Nintendo: kuna makasha ambayo kadi ya ndani haina gemu, ni ruhusa tu ya kuipakua. Hiyo nayo utaiweka kidakani?

Malindi
Mimi hizo CD ndizo zinazonilisha, kwa hivyo nisikizeni mkijua naegemea wapi. Kijana aniletea gemu aliyoimaliza, aongeza mia tano, achukua nyingine. Gemu ya kupakua haina mtumba. Ukichoka nayo, umechoka na pesa zako.

Ila hapo kwenye mashine mwagombana bure. Zile nyembamba zilizotoka mwishoni mwa 2023, hata isiyo na mdomo hupachikwa kisoma CD baadaye, kinauzwa peke yake. Nunueni ya bei ya chini, mchange tena. Jueni tu kwamba siku ya kukipachika mashine itataka intaneti ikitambue.

Langoni
Kisoma CD kinachoomba ruhusa ya intaneti! Mwenye mada, wasikia?

Shela
Wanangu, mimi si mchezaji, nina mtoto mchezaji. Nyote mwasema kuhifadhi, hakuna aliyetaja bahari. Nyumba yetu imetazama maji. Masika iliyopita nilifungua kasha lake moja, karatasi ya jalada imeota madoa ya kahawia na imegandana na plastiki. Nilipoivuta ikaacha uso wa mchezaji mpira umebandika pale. CD yenyewe ilikuwa nzima. Sasa huyo mkusanyaji akusanya gemu au karatasi?

Mkomani, mwenye mada
Shikamoo mama. Swali limenifika. Yangu nayatilia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, lakini mawili yamekwishaota madoa, nami nayapenda kwa karatasi zake, sikatai.

Langoni, jana usiku nimefanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nimezima intaneti, nikayatia makasha yangu ya PS4 moja moja nione lipi lacheza kwa CD tupu. Nimefika la 14, kisha stima ikakatika. Kumi na moja yamecheza. Mawili yamefunguka nusu, mengine yanasubiri kupakuliwa. Moja limegoma kabisa, na ndilo nililolinunua ghali kuliko yote. Hilo nimelitoa kidakani.

Kwa hivyo nabadilisha neno langu kidogo: naunga mkono kasha ambalo gemu imo ndani. Lililobeba ufunguo mtupu silinunui tena. Kuhusu mashine, namfuata wa Malindi, kwa sharti pesa za kisoma CD zianze kuchangwa wiki hii, zisisubiri mtu asahau.

Langoni
Nimekubali. Mia mbili zangu hizo. Na hilo lililogoma, wewe waliuza?