Kamati inataka kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu. Mama yangu anauliza: bamvua sita ale nini?

BintiWaKusi aliandika:

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Naandika hapa mama yangu kakaa pembeni yangu, anasubiri nimsomee mtakachojibu. Kijiji chetu kiko kusini ya Unguja. Wiki iliyopita kamati ya wavuvi ya shehia iliitisha mkutano, na sheha alikuwepo. Wakatwambia wanataka kuufunga mwamba wetu mmoja kwa miezi mitatu, asiingie mtu kuchokoa wala kupiga mbizi, ili pweza wapate kukua. Maboya yatawekwa, boti ya doria itazunguka, na atakayekamatwa atalipa faini.

Mama ana miaka hamsini na nane, na anakwenda pwani tangu msichana mdogo. Kila bamvua, yale maji makubwa ya mara mbili kwa mwezi, yakitoka kwenye saa nne asubuhi, utamkuta mwambani na mchokoo wake wa kumtolea pweza pangoni, kikapu mgongoni, kanga kaifunga kiunoni. Mwani alishauacha. Alikuwa akilima mwani mnene, wenye bei, lakini kila joto la kaskazi likizidi ulikuwa unageuka mweupe na kukatika kambani, akabakiwa na mwembamba ambao bei yake haimlipi hata kazi ya kuanika. Kwa hiyo pweza ndio ada ya shule ya wadogo zangu, ndio sukari, ndio kila kitu.

Mama hakatai kuwa pweza wamepungua. Anasema zamani akirudi na watatu walikuwa mzigo wa mtu mzima. Siku hizi anapata vipweza viwili, kimoja ukikipima hakifiki nusu kilo, na mnunuzi anakichukua hivyo hivyo kwa bei ya kutupa. Lakini kapiga hesabu yake: miezi mitatu ni bamvua sita. "Bamvua sita nile nini?"

La pili ndilo linalomuuma zaidi. Yeye na wenzake wanakwenda kwa miguu. Vijana wana miwani na mapezi, na wengine wanakuja na boti kutoka vijiji vya mbali. Siku ya kufungua, nani atawahi? Aliunyanyua mkono mkutanoni, akaambiwa swali lake litajibiwa baadaye. Mkutano ukafungwa kwa dua na swali halikujibiwa.

Mliopitia jambo hili, Unguja, Pemba, Mafia, Lamu, popote mlipo, tuambieni kwa ukweli. Tukubali au tukatae? Mkutano wa pili ni Jumapili ijayo.

BiMwambani alijibu:

Waalaykum salaam mwanangu. Msalimie sana mama, mwambie mie ni mchokoaji mwenzake, niko Pemba, kusini. Kufunga na kufungua nimekupitia zaidi ya mara moja. Wenzetu wa Kisiwa Panza ndio tuliowatazama kwanza, tukaona, nasi tukafuata.

Kwanza nikwambie kwa nini pweza, si changu wala chewa. Chewa ukitaka akue unangoja miaka. Pweza hana umri mrefu, mwaka hivi na kidogo, basi. Kwa hiyo anakula sana na kukua mbio. Huyo wa nusu kilo anayemsikitisha mama, mwache miezi miwili mitatu uje umtazame. Na jike akishataga hatoki tena kuwinda. Anajiziba pangoni kwa vijiwe, anayapulizia mayai maji, anayalinda mpaka yaanguliwe, kisha anakufa mwenyewe. Ukimtoa siku hizo umekula pweza mmoja na umeua maelfu. Sisi tulikuwa tukiwatoa bila kujua, tena tukifurahi kuwa huyu hakimbii.

Sasa swali la bamvua sita. Usiulize tu kama mwamba utafungwa, uliza ni mwamba upi, na miamba mingapi inabaki wazi. Kwetu walitaka kufunga ule wa karibu, ambao bibi mzee anaufikia kwa miguu, wakauacha ule wa mbali unaotaka ngarawa. Tulikataa. Tukasema fungeni ule wa kati, mtuachie wa karibu. Ikawa hivyo, na kila bamvua tulikwenda kwenye wa karibu. Tulipata kidogo, sikufichi, lakini hakuna nyumba iliyolala njaa. Kijiji kinachofunga pwani yake yote kwa mpigo kinawaumiza wanawake, kwa sababu mwanamme anaweza kutoka nje akavua dagaa au jodari, mimi sina chombo.

Sasa siku ya kufungua. Hapa nisikilize sana.

Mara ya kwanza tuliliwa. Habari zilienea mpaka vijiji ambavyo hata sivijui. Alfajiri, maji bado hayajatoka, boti zishafika, vijana wamo majini na miwani. Sie tulikuwa ufukweni tunangoja maji yakauke tupite. Tulipofika mwambani, mapango matupu. Na mawe yamevunjwa! Mtu anatia mtaimbo anapasua jiwe zima kumtoa pweza mmoja. Jiwe lile ni nyumba. Ukilibomoa, pweza wa mwaka kesho atakaa wapi? Nilipata mmoja siku ile, baada ya miezi mitatu ya kusubiri. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima.

Mara ya pili tulikwenda mkutanoni wanawake peke yetu, zaidi ya arubaini, tukakaa mbele. Tukasema hatufungi mpaka yaandikwe haya: siku ya kwanza ni ya waendao kwa miguu peke yao, miwani na mapezi ni kuanzia siku ya pili, hakuna kuingia kabla ya firimbi, mtaimbo marufuku, mchokoo tu, na kila anayeingia apewe namba, mgeni alipie zaidi ya mwenyeji. Yakaandikwa kwenye daftari la kamati, sheha akatia muhuri. Siku ile nilitoka na pweza sita, na mmoja kati yao nilimburura kwa sababu kumbeba nilishindwa.

Kwa hiyo jibu langu: kubalini, ila msikubali kwa mdomo mtupu.

MchuuziWaDikoni alijibu:

Bi Mwambani kanena, niongeze la upande wangu. Mimi nanunua pweza dikoni na kupeleka mjini, wengine wanaishia hotelini na wengine kwenye viwanda vinavyosafirisha nje, Italia, Ureno na kwengineko. Siku ya kufungua pweza huwa wengi mno kwa saa mbili tatu. Barafu inakwisha. Mnunuzi akiwa mmoja tu, bei inaanguka mbele ya macho yenu, na kina mama wanauza kwa hasara kwa sababu pweza hangoji, jua likimpiga amekwisha.

Dada, waambieni kamati waite wanunuzi wasiopungua watatu wiki moja kabla, bei ya kilo itajwe hadharani, na mizani iwe ya kijiji, isiwe ya mnunuzi. Pweza chini ya nusu kilo asipokelewe kabisa, arudishwe majini akiwa hai. Hili la nusu kilo sisi wanunuzi ndio tuliolivunja. Tulipokea vidogo kwa sababu jirani yangu anapokea. Nimeacha, na nawaomba wenzangu waache. Mkubwa ana bei nzuri kwa kilo, na kazi ya kumchokoa ni ile ile.

NahodhaMstaafu alijibu:

Mimi nitasema ambalo halipendezi. Kwetu mradi ulikuja, wakatupa boti ya doria na makoti ya kuogelea, picha zikapigwa. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Fedha za mafuta zilipokwisha boti ikavutwa pwani, ipo mpaka leo, kuku wanatagia ndani. Mwamba haukufunguliwa na mtu, ulijifungua wenyewe: mmoja aliingia usiku na karabai, hakukamatwa, kesho yake wakaingia kumi.

Si kwamba napinga. Nimevua miaka thelathini na tano na nimeyaona madhara ya baruti na juya kwa macho yangu. Ninachosema, muulizeni mwenyekiti: mafuta ya doria yanatoka wapi wafadhili wakiondoka? Kama hana jibu, msifunge bado.

MpwaniKilifi alijibu:

Mzee Nahodha, swali lako ndilo hasa. Mimi niko Kilifi, Kenya. Hapa jirani kuna Kuruwitu. Wale walianza kujipanga 2003, na 2005 wakafunga hekta 30 hivi za bahari, na mpaka leo hawajafungua. Hiyo ni kazi nyingine, si kama ya pweza. Wao walitaka samaki na matumbawe yarudi, na hayo yanataka miaka. Nimeogelea mle ndani na nimeogelea nje ya mpaka, mtu hahitaji kusoma chuo kuona tofauti. Wageni wanaokuja kuogelea hulipa, na pesa hiyo husaidia kulinda.

Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja walichukua njia nyingine. Tangu 2013 wanalinda mikoko hekta 117 na kuuza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko, na pesa imeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba matumizi yanajadiliwa barazani, wanakijiji wenyewe wakiwepo. Mama akiona kilichoingia na kilichotoka, ataulinda mwamba bila kulipwa na mtu.

Jambo moja jingine, dada. Umetaja mwani kufa kwa joto. Matumbawe nayo ni hivyo hivyo. Ndani ya tumbawe mnaishi vijimea vidogo vinavyolilisha, na maji yakizidi joto, tumbawe linavitoa, likabaki jeupe, na joto lisiposhuka linakufa. Pwani yetu yote iliyaona haya 1998, tena 2016, na tena 2024. Kufunga mwamba hakuzuii joto, tusidanganyane. Lakini mwamba usiopigwa mitaimbo hupona upesi kuliko uliovunjwavunjwa, na pweza anataka mapango ya mwamba uliosimama.

SomoLaBahari alijibu:

Bint, mpelekee mama hii, itamsaidia Jumapili. Kufunga huku kwa pweza kulianzia Madagascar, kijiji cha Andavadoaka, mwaka 2004, wakishirikiana na shirika la uhifadhi wa bahari la Blue Ventures. Baadaye watafiti wakazipitia fungua-funga 36 za miaka minane. Kwa kawaida vijiji vilifunga kama sehemu moja ya tano tu ya pwani yao, kwa miezi miwili hadi mitatu. Hilo ni lile lile alilosema Bi Mwambani.

Sasa angalia hesabu hii. Mwezi uliofuata kufungua, pweza wote waliotolewa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Lakini fungu la mvuvi mmoja kwa siku liliongezeka kwa asilimia 87 tu. Unaona pengo? Pweza walikuwa wengi sana, ila na watu waliokuja walikuwa wengi sana. Kwa hiyo alichouliza mama mkutanoni ndicho kiini cha jambo lote. Walipaswa kumjibu siku ile ile.

BintiWaKusi aliandika:

Wazee wangu, kaka na dada zangu, ahsanteni sana. Nimemsomea mama yote, mengine mara mbili. Nilipofika mahali Bi Mwambani anaporudi analia, mama alinyamaza kidogo, kisha akasema "Huyu ni ndugu yangu." Ameniomba nimpe salamu.

Nilikawia kujibu kwa sababu nilitaka mkutano upite kwanza. Ulikuwa jana. Mama hakwenda peke yake, walikwenda kina mama ishirini na mmoja, wakakaa mbele kama mlivyotufunza. Nilimwandikia lile la asilimia 700 na 87 kwenye karatasi, lakini hakuitoa. Alisema tu: "Mwaka huu mkifunga mwamba, na siku ya kufungua mkaruhusu boti kabla ya miguu, nitakuwa nimewafugia pweza watu wa kijiji kingine."

Ukumbi ulitulia. Mzee mmoja wa kamati akasema kweli.

Yaliyoandikwa ni haya. Mwamba wa nje utafungwa, ule wa karibu utabaki wazi. Siku ya kwanza na ya pili ni za waendao kwa miguu, wazamiaji ni ya tatu. Mtaimbo hapana. Mizani itanunuliwa kwa mchango wa kijiji. Suala la mafuta ya doria, Mzee Nahodha, mwenyekiti hakuwa na jibu, akaomba wiki mbili. Kina mama wakasema basi maboya yasiwekwe mpaka alete jibu, na wakakubaliana wenyewe kuwa kila pweza atakayepimwa siku ya kufungua akatwe kidogo kwa ajili ya mafuta ya mara ya pili. Kiasi gani, ndipo walipobishana mpaka adhana ya alasiri.

Mama na wenzake wawili wameingizwa kwenye kamati. Kwenye doria pia ameomba, wakamwambia yeye hajui kuendesha boti. Akawaambia mwamba ule anaujua jiwe kwa jiwe, boti na iendeshwe na mtoto wao.

BiMwambani alijibu:

Allahu akbar. Mwambie anipigie simu bamvua ya kwanza baada ya kufunga, maana ndiyo ngumu kuliko zote. Utaona maji yametoka, mwamba uko wazi, na miguu inataka kwenda yenyewe. Siku ile mie nilikaa nikasuka ukili mpaka maji yakajaa.