Mama halali usiku tangu ahamie kwangu Kariakoo. Je, yaweza kuwa taa?

BintiPangani: Wapendwa, naomba ushauri. Mama ana miaka 78, nimemchukua Pangani baada ya baba kufariki. Kule alikuwa akishinda barazani anasuka ukili. Hapa chumba chake kina dirisha moja, nalo linatazamana na ukuta wa jirani, kwa hiyo hata adhuhuri tunawasha taa. Mchana kutwa anasinzia, usiku yuko macho. Amenyong'onyea, hata wajukuu hawasemeshi. Tyubu nyeupe namwachia usiku kucha asije akaanguka akienda msalani. Presha na sukari zimepimwa, ziko sawa.

MuuguziMstaafu: Pole mwanangu. Ndiyo, yaweza. Lenzi ya jicho la mzee hugeuka manjano na mboni husinyaa, hata mtu wa miaka 60 hupata kama theluthi tu ya mwanga unaomfikia kijana wa miaka 20. Wewe ukiona chumba kina mwanga, kwake ni magharibi. Tena jicho halina kazi ya kuona tu, lina seli zinazouarifu ubongo kumekucha au kumekuchwa. Barazani, hata kivulini, alipata mwanga wa maelfu ya laksi (kipimo cha wingi wa mwanga). Ndani ya vyumba vyetu hivi kufika 300 ni shida. Halafu usiku, wakati mwili unataka giza, ndipo unamwashia tyubu!

Uholanzi waliwahi kuweka taa kali za mchana, laksi kama 1,000, kwenye sebule za makao ya wazee. Matokeo yalitoka 2008: dalili za huzuni zilipungua, na akili zao zilififia polepole zaidi. Lakini usikimbilie dukani. Mtoe nje asubuhi, chai anywee huko. Na apimwe mtoto wa jicho.

FundiUmeme_Ilala: Shikamoo mama muuguzi. Dada, soma boksi la balbu. Namba yenye K ni ya rangi ya mwanga: 6500K ni nyeupe kali, hiyo ni ya mchana, iwe karibu na kiti chake lakini isimpige usoni. 2700K ni ya manjano, washa kuanzia magharibi. Usiku chomeka vitaa vidogo vya manjano kwenye soketi za chini, kitandani hadi mlango wa choo, vimulike miguu. Na kama sakafu ni vigae vinavyong'aa, mng'ao wake unawasumbua sana wazee.

BintiPangani: Asanteni mno. Kupanda paani akapate mwanga hawezi, magoti. Nitamwomba mwenye duka hapo chini atuwekee kiti kibarazani kabla hajafungua. Ila tyubu hataki izimwe, tangu baba aondoke anaogopa giza.

MuuguziMstaafu: Basi usimzimie kwa nguvu. Washa vitaa vya fundi kwanza, tyubu ikiwa bado inawaka, avizoee. Siku za mwanzo lala naye chumba kimoja. Swichi iwe mkono wake unapofika, na kuzima azime mwenyewe.