MJADALA: Mdogo wangu asome usanifu wa mandhari, halafu Dodoma hii aajiriwe na nani?

Kaka wa Ipagala
Wakuu, habari za Jumapili. Mdogo wangu wa kike kachaguliwa Chuo Kikuu Ardhi, usanifu wa mandhari. Nyumbani hakukaliki. Baba anataka abadilishe achukue ualimu, mama anasema mwacheni mtoto aende. Mimi hoja yangu ni hii: mradi wowote wa serikali hapa Dodoma, iwe stendi, ofisi au barabara, unakuta mhandisi yupo, mkadiriaji majenzi yupo. Kwa nini halmashauri zisilazimishwe kuwa na msanifu wa mandhari anayesaini michoro? Kama hazilazimishwi, hawa watoto tunawapeleka wakasomee nini? Karibuni.

FundiNondo
Mtu akae chuo miaka yote hiyo, mkopo wa bodi umemkaba shingoni, aje kupanda maua? Kuna mama anauza miche kando ya barabara kule Kisasa, darasa la saba, na watoto wake wamesoma kwa miche hiyo hiyo. Halafu mandhari gani? Wenyeji wa huku walishamaliza miti na kuchungia ng'ombe mpaka udongo umeisha. Atasanifu vumbi? Asikilize baba.

Binti Kontua
FundiNondo, mimi ndiye huyo mpanda maua. Nimesoma Ardhi, niko Dodoma, na ninakula kwa kazi hii.

Nikueleze kitu nilichokishika kwa mkono. Eneo fulani la ofisi, mkandarasi kachimba mashimo ya miti futi moja kwenda chini, upana wa koleo. Udongo wa pale ukikauka sululu inadunda. Boza likija, maji yanasimama shimoni kama kwenye sufuria, hayapenyi pembeni. Mzizi ukifika ukutani unakata kona, unazunguka humo humo. Machi mti una majani, watu wanapiga picha. Septemba ni kijiti. Halafu mnasema Dodoma miti haioti.

Shimo lile lilitakiwa liwe pana kuliko kina chake, kuta zake zivunjwevunjwe, na ukingo wa barabara uachwe wazi mahali ili mvua inayotiririka kwenye lami iingie kwenye mti badala ya kukimbilia mtaroni. Mji huu unapata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kuanzia Desemba mpaka Aprili. Ukizipoteza hizo, miezi yote inayobaki unanunua maji. Sisi chuoni tunasoma kontua, yaani mistari ya miinuko ya ardhi kwenye ramani, udongo, mifereji, hesabu za maji ya mvua, kisha ndiyo mimea. Maua ni sehemu ndogo sana.

Mgogo wa Mvumi
Sijaja kujadili chuo. FundiNondo, hiyo "wenyeji walimaliza miti" urudie tena ukinitazama. Wewe umekuja lini Dodoma? Umehamia na wizara?

Wagogo tumekaa na ardhi hii kavu miaka na miaka. Karne ya 19 misafara ya pwani ilikuwa inapita Ugogo na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, maji ya kunywa nayo wanayalipia, kwa sababu tulikuwa tunajua yalipo na thamani yake. Mbuyu tunakula majani yake kama mboga, na tunda lake. Ukitaka kujua nani alifyeka, nenda Kongwa uulize habari za karanga. 1947 Mwingereza alileta makatapila, na vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, akang'oa pori zima ili alime karanga. Udongo ukawa mgumu kama saruji, mvua ikagoma, mwaka 1951 wakaacha. Pauni milioni 36 zilizama pale. Wagogo hawakutia sahihi ule mpango.

FundiNondo
Nimefika enzi za CDA mimi, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, kabla haijavunjwa 2015. Usinitishe.

Mstaafu wa Area C
CDA ilivunjwa Mei 2017, kijana. Ilianzishwa 1973, mwaka ule ule yalipotangazwa makao makuu. Na kwa taarifa yenu mpango wa kwanza wa mji, ule wa 1976 uliochorwa na Wakanada wa Toronto, uliweka watembea kwa miguu na mabasi mbele, makazi yakifuata umbo la ardhi na maeneo ya kijani katikati yake. Kwenye karatasi mandhari yalikuwepo tangu siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba kiwanja cha wazi kikikaa bila mtu wa kukisemea, kinamegwa. Nimeyaona.

Mrangi wa Kolo
Mgogo, mzee wangu, usimalizie kwa Mwingereza peke yake. Ng'ombe nao wana sehemu yao. Kondoa mnaikumbuka? HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973 kwa fedha za Waswidi. Makorongo yalikuwa yanameza mashamba. 1979 serikali ikatoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka, ng'ombe, mbuzi, kondoo. Miaka michache tu nyasi zikarudi.

Mgogo wa Mvumi
Hiyo ni Kondoa, ya Warangi. Mbona unanibebesha mimi?

Mrangi wa Kolo
Sikubebeshi. Nakwambia sisi tulilipa. Babu yangu aliswaga ng'ombe wake mpaka kwa shemeji zake nje ya eneo, wengine wakauza kwa bei ya kutupa. Watoto wakakosa maziwa. Nani alitufidia? Watu wa miti huwa hawasemi habari ya maziwa.

Binti Kontua
Kaka Mrangi, hapo umesema kweli. Na mpango wa kutoa mifugo bila kumuuliza mwenye mifugo ataishije ni mpango nusu. Lakini haikuwa mifugo tu, walichimba makinga maji, wakafunga makorongo, wakapanda miti. Kongwa walivamia udongo wasioujua. Mtu anayesomea kazi hii anafundishwa kuanza na udongo, mvua, na watu waliopo. Mnanipa hoja bure.

FundiNondo
Hoja bure na ajira ziko wapi? Ajira portal ukifungua unaona nafasi ngapi za msanifu wa mandhari? Sema ukweli.

Binti Kontua
Chache mno, sitaficha. Wenzangu wengine wamefungua vitalu vya miche, wengine wanachora nyumba chini ya wabunifu majengo. Ukihitimu unatafuta ofisi yenye mtaalamu aliyesajiliwa ufanye mazoezi chini yake, kisha mtihani wa bodi inayosajili wataalamu. Kipindi hicho posho ni ndogo, na wasichana wengi wanakatia tamaa hapo. Na ualimu nao, kaka, waulize walimu wangapi wako mtaani.

Mama Nkuhungu
Mimi sijui kusanifu. Najua tu kwamba kila masika maji yanaingia kwangu kwa sababu jirani wa juu kamwaga zege kiwanja kizima, geti hadi ukuta. Huyo binti akija kusimamia hilo, mpeni kazi hata kesho.

Kaka wa Ipagala
Jamani, naomba turudi kwenye sheria. Msanifu asaini au asisaini?

Mstaafu wa Area C
Sahihi peke yake haimwagilii. Nakueleza mradi unavyokwenda. Mkandarasi anapanda miti masika, anakabidhi. Kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kwa kazi yake, mara nyingi ni mwaka mmoja. Kiangazi cha kwanza boza lake linakuja. Kiangazi cha pili mkataba umekwisha, miti imebaki ya halmashauri, na halmashauri haikutenga hela ya maji. Mti wa hapa unahitaji angalau viangazi viwili vitatu mizizi ishuke.

FundiNondo
Ndiyo maana nasema pandeni mwarobaini, hauombi maji.

Mgogo wa Mvumi
Mwarobaini umetoka India. Mgunga na mkwaju vipo hapa, vinakulisha na mbuzi.

FundiNondo
Mgunga una miiba, utaweka shuleni?

Binti Kontua
Shuleni mkwaju, kwenye korongo mgunga, barabarani mwarobaini siukatai. Kila mti na mahali pake. Ila mzee wa Area C kagusa penyewe. Kwenye makabrasha ya zabuni ninayoandaa sasa hivi naweka utunzaji wa miti miaka mitatu kama kipengele chenye bei yake, na mkandarasi halipwi bakaa, ile sehemu ya malipo inayozuiliwa, mpaka mti uhesabiwe ukiwa hai. Kila mara mteja anakikata ili bei ishuke.

Mstaafu wa Area C
Basi sheria ilinde hicho kipengele kwanza.

Kaka wa Ipagala
Binti Kontua, nimekutumia ujumbe pembeni. Mdogo wangu anataka kuongea na wewe kabla ya Ijumaa, na baba kasema atakaa asikilize.