Naomba ushauri: je, nidai orodha ya waliolipwa kifuta jasho ibandikwe kijijini?

Mlinda Mahindi: Wakuu, heshima kwenu. Nalima katika kijiji kinachopakana na hifadhi, ambako tembo huingia mashambani mahindi yanapokaribia kukomaa. Msimu uliopita waliharibu mashamba ya watu wengi, maofisa wakaja kupima, na sasa kifuta jasho, yaani fedha ambazo serikali huwapa walioharibiwa mazao na wanyamapori, kimelipwa, lakini hakuna anayejua nani amepewa kiasi gani, kwa kuwa majina yalisomwa upesi mkutanoni bila ekari wala fedha, kisha karatasi ikarudi kwenye bahasha. Nina majirani waliovuna mabua matupu na hawakupata hata senti. Nikiomba orodha kamili ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, nitakuwa nimejitafutia matatizo? Usingizi umenipaa.

Mchambua Sheria: Haki hiyo unayo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inakupa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka mamlaka ya umma ijibu ombi la maandishi ndani ya siku 30. Mwandikie mkurugenzi wa halmashauri, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Ila hujatueleza kama nawe umo katika orodha hiyo.

Mama wa Dengu: Mwanangu, mimi walinimalizia ekari moja ya dengu. Nilifuatilia wilayani hadi nauli ikazidi kifuta jasho chenyewe, nikabaki na jasho langu. Usilime mahindi karibu na tembo, jaribu ufuta.

Jembe Butu: Waulizwe tembo, maana wao ndio wanaokumbuka walikula kwa nani.

Mchambua Sheria: Mleta mada, umo au humo?

Mlinda Mahindi: Nimo. Niliandikiwa ekari 5 nikalipwa shilingi 500,000, ilhali zilizoliwa ni ekari 2. Fomu sikuijaza mimi, nilitia saini tu, na kila aliyekuwa karibu na wapimaji aliongezewa. Fedha zimekwisha kwenye ada na mabati, kwa hiyo asiniambie mtu nizirudishe. Isitoshe, barua nimekwisha kuiandika kwa jina la kaka yangu, ambaye hakulipwa, na mwenye bodaboda ameondoka nayo asubuhi.

Mwalimu Mstaafu: Kaka yako anajua?

Mlinda Mahindi: Atajua ikijibiwa.

Mwalimu Mstaafu: Kijana, unaomba taa iwashwe katika chumba ambacho nawe umejificha, tena kiberiti umemshikisha ndugu yako. Ningekuwa baba yako, ningekwenda kwanza kwa hao majirani wa mabua.

Pima Mwenyewe: Msihangaike, hadithi hii imetungwa. Kwa kanuni za kifuta jasho za 2011, shamba lililokuwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa chochote, na shilingi 100,000 kwa ekari kilikuwa kiwango cha shamba lililo zaidi ya kilomita 5, tena kwa ekari zisizozidi 5. Huyu ameanza kwa kusema kwamba kijiji chake kinapakana na hifadhi, kisha akajilipa kiwango cha juu kabisa. Amesoma kanuni nusu, kisha akatunga kisa.

Jembe Butu: Nami nilishangaa tembo wanaoacha kula wakifika ekari ya tano.

Mlinda Mahindi: Sijatunga. Kutoka shambani kwangu hadi bikoni ya mpaka ni kama hatua 300. Kwenye fomu imeandikwa kilomita 6.

Pima Mwenyewe: Basi hukustahili hata hizo ekari 2.

Mlinda Mahindi: Tembo hawakujua hilo.

Mchambua Sheria: Ulipaswa kuanza na hili. Orodha ya majina na fedha haitamwonyesha mtu lolote. Ombi linapaswa kutaja ekari na umbali ulioandikwa kwa kila shamba, kwa sababu kilomita hizo kila mwanakijiji anaweza kuzihakiki kwa miguu yake. Ukiomba hivyo, mstari wako utakuwa miongoni mwa itakayoangaliwa kwanza. Barua yako inasemaje?

Mlinda Mahindi: Inaomba vyote, ekari na umbali. Mwenye bodaboda hapokei simu.