Tupeane uzoefu: ulevi ulikuingia kwa mlango gani?

Wadau, mwezi huu natimiza miaka minne bila pombe. Niko Rhonda, Nakuru. Wengine husema marafiki waliniharibu, wengine ati ni damu, kwani hata baba alikunywa. Kwangu vyote vilikutana. Tangu utotoni nilikuwa na haya kupita kiasi. Nikiitwa kusoma kwa sauti darasani, jasho linanitoka. Harusini nikapewa glasi mbili, nikacheza, nikasifiwa. Nikajua nimepata dawa. Miaka ikapita, ikafika mahali asubuhi nashika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado chai inamwagika. Nani alipitia njia nyingine?

*Boda wa Kondele:* Mimi haya sina kabisa. Napenda kasi, napenda kujaribu kitu kabla ya wenzangu. Nilianza boda nikiwa na miaka 19, na pale stejini kila shavu limevimba muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha. Hakuna aliyenilazimisha, ila asiyetafuna alionekana mgeni. Muguka ikaninyima usingizi, nikatafuta changaa, pombe kali ya kienyeji, ya kunilaza. Nilipohama steji hiyo, hamu ilipungua nusu. Nusu iliyobaki ni yangu mwenyewe.

*Dada wa Bungoma:* Kaka zangu wawili walianzia busaa kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, wazee wakipiga hadithi. Mkubwa hadi leo hunywa sherehe ikiwepo tu. Mdogo alifiwa na mke, hakulia hata siku moja, akaanza kubeba chupa chumbani. Tulihesabu chupa, kumbe tungeangalia kwamba anakunywa peke yake. Halafu wazazi, tafadhali sana: tulimfungia ndani ili aache kwa nguvu. Siku ya pili akaanguka, mwili ukimkakamaa kama mwenye kifafa. Daktari akatuambia mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatiwa pombe ghafla anaweza kufa. Mpelekeni hospitali kwanza. Msipojua pa kuanzia, namba ya NACADA, shirika la serikali ya Kenya la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haikatwi pesa.

*Rhonda:* Asante dada, pole kwa mliyopitia. Mimi pia nilitetemeka siku tatu wodini, na muuguzi hakuniacha. Boda, hiyo nusu iliyobaki unaishikaje jioni?

*Boda wa Kondele:* Saa kumi na mbili ndiyo mbaya. Naosha pikipiki. Hata ikiwa safi naiosha, mpaka mtoto aje aniite chakula.