Mwenye mkopo wa nyumba anapunguziwa ushuru, mpangaji je?

Mpangaji wa Rongai: Wadau tujadili hii bila matusi. Hapa Kenya, tangu mwisho wa Desemba 2024 mtu aliyekopa benki akanunua nyumba ya kuishi anaruhusiwa kuondoa riba ya mkopo hadi 360,000 kwa mwaka kwenye mshahara kabla ya kupigiwa PAYE, yaani ushuru wa mshahara, zamani ilikuwa 300,000. Kama mshahara wake umefika ile bendi inayotozwa ushuru wa 30% anaokoa hadi 9,000 kila mwezi, sawa, hongera zake. Mimi nalipa renti 15,000 na hiyo haitambuliki popote, ningeruhusiwa kuiondoa kwa hiyo 30% ningebaki na 4,500, hiyo ni gesi na unga na chenji inabaki. Nachopata ni ile rilifu, yaani punguzo la ushuru, ya 2,400 kwa mwezi ambayo kila mtu anayo na haijaguswa tangu 2020, lakini levi ya nyumba, ile 1.5% ya mshahara, tunakatwa wote. Na hao wenye mikopo ya nyumba nchi nzima ni kama 30,000 tu jamani!

Mama Duka: Hiyo 4,500 hutaiona. Landilodi akisikia umerudishiwa kitu, Januari renti imepanda. Alafu sisi tusio na peislipu je? Mimi natozwa 3% ya mauzo yote, sio faida, renti ya duka na stima siruhusiwi kuondoa hata shilingi. Mnaongea kama Kenya nzima imeajiriwa.

Bwana Hesabu: Mama uko sahihi ila hapo kwa landilodi ndo kuna utamu. Kisheria anafaa kulipa 7.5% ya renti yote anayokusanya, wengi hawalipi, ndo maana unaambiwa utume renti kwa namba ya keateka, yule mtunza nyumba, na ukiuliza risiti unaonekana mkorofi. Ukitaka renti iondolewe kwa ushuru itabidi uonyeshe PIN yake, ile namba ya mlipa ushuru, na risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA, yaani wapangaji wanaifanyia hiyo mamlaka ya ushuru kazi bure.

Mama Duka: Kwa renti ya 15,000 landilodi atalipa 1,125. Serikali iachie 4,500 ipate 1,125? Hiyo hesabu ya wapi bwana?

Bwana Hesabu: Usihesabu nyumba moja, hesabu ploti yote ya nyumba za kupangisha. Tuseme nyumba 20 na wenye peislipu wanne tu. Wanne wanapunguziwa jumla 18,000, lakini PIN ikishajulikana landilodi anatozwa kwa nyumba zote, 300,000 mara 7.5% ni 22,500 kila mwezi. Wakiwa watano ni sare, wakizidi hapo serikali inapata hasara, kwa hiyo lazima iwekwe kikomo, tuseme mwisho 10,000 ya renti.

Mpangaji wa Rongai: Hata kikomo cha 10,000 nachukua, 3,000 kwa mwezi si haba.

Mama Duka: Chukua basi. Ila kwenye hiyo ploti ya 20 atakayetaja PIN kwanza ni nani, maana notisi ya kuhama haikawii na depositi mnajua vile huwa hairudi.