Waliojenga piramidi walikuwa watumwa, au walikuwa na daftari la mahudhurio kama letu?

Nyapara wa Goba:
Wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi ni nyapara wa saiti moja huku Goba, ghorofa moja tu, msidhani makubwa. Juzi baada ya kumwaga zege tumekaa kwa mama ntilie, kijana mmoja saidia fundi akasema namtumikisha kama Farao alivyowatumikisha Waisraeli kwenye piramidi. Fundi mkuu akamkatalia: piramidi hazikujengwa na Waisraeli, wala na watumwa. Wakabishana mpaka wali ukapoa. Nimeahidi kuleta jibu. Zile habari za viumbe wa angani mniepushie.

Halafu langu binafsi: umati wote ule, nyapara alijuaje nani kaja, nani hakuja? Mimi nina watu 17 tu na daftari linanitoa jasho.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Kijana afungue Kutoka 1:11. Imetajwa miji, Pithomu na Ramesesi. Piramidi haimo. Ile kubwa ya Giza, Misri, ni ya Farao Khufu, karibu mwaka 2560 KK.

Mwaka 1990 farasi alijikwaa pale Giza kwenye ukuta wa matofali ya udongo, kumbe ni makaburi ya wajenzi wenyewe. Mtumwa hazikwi jirani na mfalme. Baadhi ya mifupa ilivunjika ikaunga vizuri, yaani alikuwepo wa kuwafunga gango. Sisemi wote walikuja kwa kupenda. Mfalme akiita, unaenda.

Daftari lipo, ila ni la mafundi wa baadaye sana, wa kijiji cha Deir el-Medina, waliochonga makaburi ya wafalme. Ni bapa la jiwe la chokaa, liko British Museum, la mwaka wa 40 wa utawala wa Farao Ramesses II. Majina 40, tarehe za kukosa kazi, na juu ya tarehe sababu kwa wino mwekundu. Huyu kaumwa na nge. Huyu macho. Huyu anashughulikia maiti ya mama yake. Huyu anapika pombe.

Nyapara wa Goba:
Anapika pombe, na inaandikwa! Mwalimu, hiyo ya nge naikubali, hata huku Goba ukiinua tofali zilizolala wiki mbili unakutana naye. Lakini pombe?

Mwalimu Mstaafu:
Bia ya shayiri ilikuwa chakula, pamoja na mkate na vitunguu. Usiifananishe na ya Jumamosi yako.

Nahodha wa Kunduchi:
Mmemsahau mwenzangu. Mwaka 2013 kule Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, ziliokotwa karatasi za mafunjo za msimamizi aitwaye Merer, za enzi ya Khufu mwenyewe. Alikuwa na watu kama 40, wanabeba mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura kwenda Giza kwa mashua. Kila siku anaandika: leo tumepakia, leo tumelala wapi.

Sasa sikieni raha ya mto ule. Nile inatiririka kwenda kaskazini, upepo unavuma kutoka kaskazini. Tura iko kusini mwa Giza, upande mto unakotoka, kwa hiyo ukiwa na mzigo maji yanakusukuma, ukirudi mtupu unatweka tanga. Ndiyo maana katika maandishi yao "kwenda kusini" ni chombo chenye tanga, "kwenda kaskazini" tanga limeshushwa. Sisi huku tunasubiri miezi kaskazi igeuke kusi!

Saidia Fundi:
Ndiye mimi niliyelalamika. Nimesoma yote. Mwalimu, walilipwa nini?

Mwalimu Mstaafu:
Nafaka. Pale Deir el-Medina fundi alipata kwa mwezi magunia 4 ya ngano na moja na nusu ya shayiri, gunia lao lita kama 76. Nyapara alipata 7 na nusu kwa jumla.

Saidia Fundi:
Nilijua tu. Na yakichelewa?

Mwalimu Mstaafu:
Mwaka wa 29 wa Ramesses III yalichelewa. Waliacha kazi, wakaenda kukaa kwenye mahekalu, wakasema wana njaa.

Saidia Fundi:
Asante Mwalimu. Mkuu wa Goba, ile posho ya Ijumaa?

Nyapara wa Goba:
Nimekuona. Kesho saa moja asubuhi, kabla hujaenda kukaa hekaluni.